UZI: Mama ana Medicare na Medicaid, kadi zote mbili. Mbona hakuna aliyekuja kumwogesha?

Mlezi_Ohio

Ndugu zangu mnaoishi Marekani na wazazi, na nyinyi wa nyumbani mnaotuuliza kwenye simu "si huko wazee wanatibiwa bure?", naomba mnivumilie, uzi ni mrefu. Nimeuandika usiku tatu mfululizo baada ya Mama kulala.

Mama ana miaka 71. Tulifika Columbus, Ohio, mwaka 2016 tukitokea kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Kabla ya hapo kwetu ni Fizi, Kivu Kusini. Amelima mihogo maisha yake yote, lakini nchi hii hajawahi kuajiriwa hata siku moja. Februari 2024 alipata kiharusi, upande wa kulia ukapooza. Siku hiyo nilikuwa na kadi zake mbili kwenye pochi yangu na nilijiona nimejipanga. Nilikuwa sijajipanga hata kidogo.

Nianze na zile kadi, maana wengi wetu tunazibeba bila kujua kila moja inafanya nini. Medicare ni ya serikali kuu, kwa waliofikisha miaka 65, na kwa walemavu walio chini ya umri huo wakishapokea mafao ya ulemavu ya Social Security kwa miezi 24. Medicaid ni ya watu wa kipato kidogo. Serikali kuu na jimbo wanachangia fedha, lakini mwendeshaji ni jimbo. Zote mbili zilitiwa saini na Rais Lyndon Johnson siku moja, tarehe 30 Julai 1965. Ni pacha, lakini kila mmoja anaishi kwake, ana karani wake na barua zake, na hawasalimiani. Watu zaidi ya milioni 12 wanazo zote mbili kama Mama, na wengi wao ni miongoni mwa wagonjwa zaidi na maskini zaidi.

Medicare inalipa hospitali, daktari, dawa. Mtu wa kumwogesha mgonjwa, kumlisha, kumgeuza usiku asipate vidonda, hiyo Medicare hailipi kama ndiyo shida pekee aliyo nayo. Hiyo ni kazi ya Medicaid. Na hapa ndipo pana jambo lililonikosesha usingizi nilipolielewa: sheria inalazimisha kila jimbo kulipia nyumba ya wazee kwa anayestahili, lakini huduma ya kumhudumia akiwa nyumbani kwake kwa sehemu kubwa ni hiari ya jimbo. Inakuja kupitia kibali ambacho sote tunakiita weva: fedha ambazo zingelipia kitanda cha nyumba ya wazee zinaruhusiwa kutumika nyumbani. Vibali hivi vilianza 1981. Mwaka huohuo Rais Reagan alimzungumzia hadharani Katie Beckett, mtoto mdogo wa Iowa aliyekuwa akipumua kwa mashine. Medicaid ilikuwa tayari kumlipia akiwa hospitalini, lakini si akiwa kwao, ingawa kwao ingekuwa nafuu zaidi. Weva nyingi zina idadi ya nafasi, zikijaa unaingia kwenye foleni. Kwa hiyo usipoiomba kwa jina, hakuna atakayekuletea.

Sasa kilichotupata. Mwaka mmoja kabla ya kiharusi, wakala wa bima alipita mlango kwa mlango kwenye jengo letu. Kijana mpole, anaongea Kiswahili, akamuahidi Mama kadi ya kununulia vyakula. Mama akaweka alama yake kwenye kompyuta. Mimi nilikuwa kazini. Hapo upande wake wa Medicare ulihamia kampuni moja binafsi, huku Medicaid yake ikibaki kwenye mpango mwingine kabisa. Jimbo letu lilikuwa na mpango wa kuunganisha vitu hivi, MyCare Ohio, tangu 2014. Mama alikuwa ndani yake nusu mwili.

Alipotoka hospitalini alipelekwa kwenye kituo cha uuguzi na mazoezi ya viungo. Alianza kusimama. Siku ya 17 tukapewa karatasi kwamba ile kampuni itaacha kulipa. Karatasi ya Kiingereza, mpwa wangu wa miaka 11 ndiye aliyetusomea. Hatukujua kwamba ile karatasi ina haki ndani yake: inatakiwa ije angalau siku mbili kabla ya malipo kusimama, na unaweza kukata rufaa ya haraka kabla ya saa sita mchana, siku moja kabla ya malipo kusimama. Ni simu moja tu, na ni bure. Sisi tulikunja karatasi tukamchukua Mama nyumbani.

Mnajua mila zetu. Mimi ni mtoto wa kiume, siwezi kumvua mama yangu nguo nikamwogesha. Mke wangu aliacha kazi ya bohari. Miezi mitano tuliishi kwa mshahara mmoja, mgongo wa mke wangu ukaharibika kwa kumbeba. Mwezi wa sita nikapiga namba iliyo nyuma ya kadi ya Medicaid nikitaka kuuliza nepi za watu wazima. Dada aliyepokea akaniuliza, "Mratibu wenu anasemaje?" Mratibu gani? Kumbe Mama alikuwa na mratibu, yaani mtu wa mpango wake wa bima wa kumpangia huduma, kwa miaka miwili. Alikuwa akipiga namba yetu ya zamani na kutuma barua kwenye anwani tuliyohama.

Nilikaa kwenye gari nikalia. Siandiki haya ili mnionee huruma. Naandika kwa sababu najua ndani ya uzi huu yupo mtu ambaye mama yake ana mratibu wakati huu na hajui.

---

MamaWawili_Dayton

Kaka pole sana, na mpe pole wifi yetu mgongo. Swali langu: mama mkwe wangu alikuja kama mkimbizi, ana miaka 67, ana Medicaid na SSI, zile fedha za kila mwezi za serikali kwa wazee na walemavu maskini. Grinikadi, kibali cha ukaazi wa kudumu, hatujaomba, tuliambiwa haina haraka. Ni kweli?

---

Mlezi_Ohio

Dada, si kweli tena, na naomba usilale juu ya hili. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 imebadilisha mambo. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026 mkimbizi asiye na grinikadi hahesabiki tena kwenye Medicaid inayolipwa na serikali kuu. Medicare nayo imefungwa kwa wasio na grinikadi wala uraia, isipokuwa makundi machache ambayo sisi Wakongo hatumo, na waliokuwa ndani tayari wataondolewa mwanzoni mwa Januari 2027. Mkimbizi anatakiwa kuomba grinikadi akitimiza mwaka mmoja. Nenda kwenye shirika lililowapokea, au kwa mwanasheria wa uhamiaji anayehudumia watu wa kipato kidogo, wiki hii.

La pili, SSI kwa mkimbizi ina kikomo cha miaka 7 tangu kuingia, mpaka awe raia. Wazee wetu wanaogopa uraia kwa sababu ya mtihani wa Kiingereza. Kuna fomu inaitwa N-648: daktari akithibitisha kwamba ugonjwa au ulemavu wa mwili au akili unamzuia mtu kujifunza, anasamehewa mtihani. Uzee peke yake hautoshi, wala kutojua kusoma peke yake. Daktari lazima aeleze ugonjwa ni upi na unazuiaje. Mama yangu aliapishwa 2022 kwa njia hiyo, na kama tungechelewa mwaka mmoja SSI yake ingekatika.

---

Binti_Kisii_MN

Nimefanya kazi ya kuhudumia wagonjwa kwenye nyumba za wazee hapa Minnesota miaka tisa, naomba niongeze yanayowaangusha watu kila wiki mbele ya macho yangu.

La kwanza ni zile siku 100. Kila familia inakuja ikisema "Medicare inalipa siku 100". Inalipa MPAKA siku 100 za uuguzi na mazoezi, si za kulelewa. Siku 20 za mwanzo hulipi kitu, kuanzia ya 21 kuna mchango wa kila siku, ambao mwenye Medicaid anaweza kulipiwa. Mgonjwa akionekana hahitaji tena mtaalamu, inasimama hata siku ya 15.

La pili ndilo linaloniuma. Kwa aliye na Medicare ya kawaida, ile ya serikali yenyewe si ya kampuni binafsi, ili hizo siku zilipwe lazima kwanza awe amelazwa hospitalini siku tatu mfululizo. Kulazwa, nasisitiza. Mtu anaweza kulala kitandani usiku nne, anatundikiwa dripu, anapewa chakula, na kwenye makaratasi ameandikwa yuko "chini ya uangalizi", yaani hesabu yake ni ya mgonjwa wa nje. Siku zile hazihesabiki. Nimepokea bibi mmoja wa Kisomali ambaye familia yake ilijua haya mlangoni kwetu, akiwa ndani ya gari la wagonjwa. Kwa hiyo ukifika hospitalini uliza kila asubuhi: "Mama amelazwa, au yuko chini ya uangalizi?" Akikaa hivyo zaidi ya saa 24 wanatakiwa wakupe taarifa ya maandishi.

La tatu, mwenye kadi zote mbili akiwa kwenye ule mpango mdogo unaoitwa QMB, ambapo Medicaid humbebea gharama zake za Medicare, daktari anayepokea Medicare HARUHUSIWI kumtoza mchango wa huduma zinazolipiwa na Medicare. Hata senti. Naona wazee wakilipa bili za dola 40 kutoka kwenye SSI kwa kuogopa polisi. Onyesha kadi zote mbili kila mara. Medicare hulipa kwanza, Medicaid humalizia. Bili ikija, piga simu, usilipe.

Hapa kwetu wazee wenye zote mbili wana mpango mmoja, MSHO, upo tangu 1997. Kadi moja, mratibu mmoja. Si peponi, lakini ukipiga simu hakuna anayekuambia "hiyo si ya kwetu, piga kule".

---

Mzee_wa_Ujiji

Samahani, nasoma haya yote na najiuliza. Sisi tumelelewa kwamba mzazi anafia mikononi mwa watoto wake. Leo mnajadili nyumba za wazee, weva, kulipwa ili umwogeshe mama yako? Mama alikulipisha nini alipokubeba mgongoni?

---

Binti_Kisii_MN

Mzee wangu, shikamoo. Nasema kwa heshima. Kule nyumbani mama hulelewa na watu kumi: dada, mashangazi, wajukuu, jirani anayechungulia asubuhi. Hapa tuko wawili kwenye chumba cha orofa ya tatu, mmoja anaingia kazini saa kumi na moja alfajiri, mwingine anatoka saa tano usiku. Nimeona binti akimfungia mama yake ndani ili awahi zamu, na mama akaanguka. Yule binti alikuwa anampenda mama yake. Alikosa watu.

---

Mlezi_Ohio

Mzee, shikamoo. Maneno yako nimeyabeba siku nzima, sikutaka kujibu haraka.

Mama hajaenda popote. Yuko chumba cha pili, namsikia akikohoa. Lakini upendo haukulipa kodi ya nyumba mke wangu alipoacha kazi. Sasa ameajiriwa, kwa fedha za weva, na wakala wa huduma za nyumbani ili amhudumie mama mkwe wake, saa 24 kwa wiki. Saa nyingine zote anamhudumia vilevile, hazina malipo na hakuna anayezihesabu. Mama anaogeshwa na mkono anaoujua, anajibiwa kwa Kibembe akiita usiku. Si kila jimbo linaruhusu ndugu alipwe, na mahali pengi mume au mke ana masharti yake, kwa hiyo kila mtu aulize kwake.

Na wale ambao hali imewazidi wakampeleka mzazi nyumba ya wazee, tusiwahukumu humu. Wajue tu kwamba huko kipato cha mzazi karibu chote kitaenda kwenye nyumba ile. Aliyekuwa anaishi kwa SSI tupu, SSI hiyo hushuka mpaka dola 30 kwa mwezi za sabuni na simu.

---

Kijana_wa_Louisville

Mkuu, hiyo tathmini ya kupata saa za mhudumu anayelipwa mliipitaje? Bibi yangu alifanyiwa, wakasema hana uhitaji. Hawezi hata kuvaa viatu!

---

Mlezi_Ohio

Hapa nitakaa kidogo, maana sisi wenyewe tulishindwa mara ya kwanza.

Mtathmini anakuja nyumbani na maswali: anaoga mwenyewe? Anavaa? Anakula? Anakwenda msalani? Anatoka kitandani mpaka kwenye kiti? Majibu hayo ndiyo yanayoamua kama mtu anafikia kiwango cha kuhitaji nyumba ya wazee, na bila kufikia kiwango hicho weva haipo. Sasa mfikirie Mama. Mgeni kaja nyumbani kwake, kijana wa umri wa wajukuu zake, anamuuliza mbele ya watu kama anajikojolea. Mama alikuwa amevaa kitenge kipya. Alijibu kila swali, "Naweza, mwanangu. Namshukuru Mungu." Na mtathmini akaandika: anaweza.

Hakusema uongo kwa nia mbaya. Alilinda heshima yake, ndiyo pekee aliyokuwa amebaki nayo. Nami nilinyamaza kwa sababu singeweza kumkanusha mama mbele ya mgeni.

Tulikata rufaa, tukaomba tathmini upya. Safari ya pili tulifanya hivi. Usiku wa kuamkia siku hiyo mke wangu alikaa naye peke yao, akamwambia, "Mama, kesho ukisema unaweza, mimi nitarudishwa bohari na wewe utabaki peke yako." Tulikuwa tumeandika daftari kwa wiki mbili: kila alipoanguka, kila alipopoteza mkojo, saa ngapi za usiku alituamsha. Tuliomba mkalimani mapema, wa kuletwa na ofisi yao, si mtoto wa nyumbani. Haki hiyo ipo: kila mtoa huduma za afya anayepokea fedha za serikali kuu anatakiwa akupe mkalimani bila malipo, msingi wake ni Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Na taja lugha kwa usahihi. Sisi tulisema "Kiswahili cha Kongo", tukamkataa kwa upole mkalimani wa simu ambaye Mama hakumwelewa. Nami nilimuomba mtathmini dakika tano nje mlangoni, nikamweleza yale ambayo mtoto hawezi kuyasema mbele ya mzazi.

Usimfundishe bibi yako kusema uongo. Mwombe aeleze siku yake mbaya. Siku nzuri haihitaji msaidizi.

---

MamaWawili_Dayton

Na je, akitaka kwenda nyumbani kuzika? Mama mkwe dada yake yuko hoi Uvira.

---

Mlezi_Ohio

Aende, ila kwa hesabu. Akiwa mkimbizi bado, mwanasheria kwanza, hati za kusafiria zina mambo yake. Kwa SSI, akikaa nje ya Marekani siku 30 mfululizo au mwezi mzima wa kalenda, inasimama, na hairudi mpaka akae ndani siku 30 mfululizo. Pale ambapo Medicaid imefungamana na SSI, nayo inaweza kuyumba. Mjomba mmoja wa kanisani kwetu alikaa matanga siku 45. Kilichofuata ni miezi ya makaratasi.

Na mali pia. Mwenye SSI asizidi dola 2,000 za akiba akiwa peke yake, 3,000 wakiwa mume na mke, na kiwango hicho hakijapanda tangu 1989. Kiwanja cha Fizi au Kasulu kilicho kwa jina lake kinaweza kuhesabika. Ukiomba Medicaid ya huduma za muda mrefu wanatazama miezi 60 nyuma mtu aligawa nini, kwa hiyo ile "nilimtumia mdogo wangu dola elfu tatu ajenge" nayo ni swali. Msifiche, ulizeni kabla. Kila jimbo lina washauri wa bure wa Medicare ambao hawauzi bima. Hapa Ohio wanaitwa OSHIIP. Yule dada wa OSHIIP ndiye aliyemtoa Mama kwenye mpango wa wakala wa mlangoni, kwa saa moja, kwa simu yenye mkalimani. Mwenye kadi zote mbili hahitaji kusubiri msimu wa mwisho wa mwaka kurudi Medicare ya kawaida na mpango wa dawa, anaweza mwezi wowote.

---

Kijana_wa_Louisville

Nimeanza daftari jana usiku. Bibi ameniuliza naandika nini, nimemwambia ukweli. Amecheka, akasema niandike pia kwamba chai yangu haina sukari.

---

Mlezi_Ohio

Iandike.

Kwetu, tangu Januari 2026 MyCare imekuwa mpango wa namna mpya, Medicare na Medicaid chini ya kampuni moja, na safari hii Mama yuko ndani mzima. Mratibu wake alikuja Jumanne. Nimempa namba mbili za simu, yangu na ya mke wangu, na anwani nimeiandika mwenyewe kwa herufi kubwa. Aliuliza Mama anahitaji nini zaidi. Mama akanitazama kwanza, halafu akamgeukia mke wangu, akasema kwa sauti ndogo kwamba angependa kiti cha kuogea, kile cha plastiki chenye mikono, ili mkwe wake asiiname.

Kiti kimefika leo mchana. Nikimaliza kuandika hapa nakwenda kukifunga.